Mteja Asiyelalamika

Madukani mwetu kuna msemo ambao wengi huubandika ukutani: mteja ni mfalme. Mimi nauza bidhaa ambayo mfalme huyo huinunua ili imshinde. Nachukua misumari miwili ya inchi tano, naikunja kwa plaizi hadi kila mmoja uwe na kitanzi, kisha nainasisha pamoja. Kazi ya mnunuzi ni kuiachanisha bila kutumia nguvu. Wateja wangu wakubwa ni madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao pale Busia, na wakati wa likizo huvuka nikaenda kuuza Tororo. Swali ninalotaka kulijadili ni hili: ikiwa ugumu ndio bidhaa yenyewe, mtengenezaji ana wajibu gani kwa mteja aliyeshindwa?

Malalamiko ya mwanzo hayakunisumbua. Dereva mmoja alichomwa kidole na ncha ya msumari. Tangu siku hiyo kila ncha nailainisha kwa tupa. Mwingine alisema vitanzi vimebana mno. Nikavilegeza, na wiki iliyofuata mafumbo yakawa yanaachana yenyewe mifukoni mwa watu. Hapo nikajua kwamba kusikiliza si kutii. Anayesema "limeniumiza" anastahili kutiiwa papo hapo. Anayesema "ni gumu" huenda anasifu bila kujua. Nikadhani nimeshaielewa hekima yote ya biashara hii.

Kisha akaja mzee mmoja wa Tororo, mstaafu wa reli. Alikuwa amenunua fumbo langu miezi miwili kabla. Hakudai fedha zake. Alilitoa mfukoni likiwa limefungwa kwenye leso, akasema kwa upole, "Mwanangu, nionyeshe. Kila usiku najaribu. Naona akili imeanza kuniacha."

Nililishika, nikaligeuza kama ninavyogeuza yote, likagoma. Nikajaribu tena. Ndipo nikakumbuka kosa langu. Siku za haraka nilikuwa nimezoea kukunja msumari wa pili ukiwa tayari umening'inia kwenye wa kwanza. Kwa njia hiyo nilipata mafumbo mengi kwa saa moja, lakini misumari hiyo haikuwahi kuachana hata mara moja mikononi mwangu. Katika fumbo hili nafasi ya kupitia ilikuwa nyembamba kuliko msumari wenyewe. Halikuwa na jibu.

Nilichofanya baadaye ndicho kinachonifanya niandike insha hii. Niligeuka kidogo, nikalivuta kwa nguvu zangu zote chini ya meza hadi kitanzi kikapanuka, kisha nikamwonyesha vipande viwili. "Umeona, Mzee? Ni uvumilivu tu." Alicheka, akajigonga kichwa kwa kidole. "Uzee," akasema, akaenda zake.

Kwa nini tendo hilo ni baya kuliko kuuza kiti kibovu? Mpaka huu wa Busia ndio unaotajwa kuwa chimbuko la boda boda, baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda tangu miaka ya 1960. Kiti cha nyuma kikiwa kigumu, abiria humwambia mwendeshaji kabla hawajafika, na hakuna abiria anayejilaumu kwa kuumia. Fumbo ni tofauti. Kasoro yake huvaa sura ya kasoro ya mnunuzi. Kiti kikivunjika tunamlaumu seremala, bali fumbo likikataa tunajilaumu sisi wenyewe. Kwa hiyo mteja aliyedhulumiwa zaidi ndiye atakayekaa kimya zaidi, na mtengenezaji anayesubiri malalamiko ili arekebishe kazi yake hatamsikia kamwe.

Wazee wetu waliliona jambo hili katika kitendawili. Msikilizaji akishindwa, mtegaji humwambia, "Nipe mji." Akishapewa mji, lazima atoe jibu. Huo ni mkataba: aliyeshindwa analipa, lakini anayelipwa sharti awe na jibu, na jibu lenyewe likisemwa kila aliyekaa pale akiri kwamba angeweza kulipata. Kuficha jibu ni sehemu ya mchezo. Kutega bila kuwa na jibu ni wizi wa mji.

Ernő Rubik wa Hungaria alipobuni mchemraba wake mwaka 1974, yeye mwenyewe alihangaika takriban mwezi mzima kabla ya kuurudisha katika mpangilio wake. Mateso hayo yalimpa haki ya kuwapa wengine mateso yale yale. Mimi nilikuwa nikiuza njia ambayo sijaipita. Na hili si la wauza misumari peke yao. Mwanafunzi akipewa swali la mtihani lililotungwa vibaya, mara nyingi hatasema swali lina kasoro; atatoka chumbani akiamini kwamba kasoro ni yake. Anayemtegea mwenzake ugumu, awe fundi au mwalimu, hawezi kungoja alalamikiwe. Wajibu wake ni kutafuta kosa lake hasa pale palipo kimya.

Baada ya wiki moja nilirudi Tororo na fumbo jipya nililolifungua na kulifunga mara tatu. Nikamweleza mzee ukweli wote, pamoja na ule mchezo wa chini ya meza. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo akili yangu ilikuwa sawa?" Nikamjibu, ilikuwa sawa. Alilipokea fumbo jipya, lakini hakutabasamu, nami sikuona haki ya kumwomba atabasamu. Fedha zake ningeweza kumrudishia. Usiku ule wa miezi miwili, aliokaa akijiona anapotea, sina pa kuutoa.

Siku hizi mteja anapochagua fumbo, kwanza namwekea vipande viwili mkononi vikiwa vimeachana, ajue kwa macho yake kwamba vinaachana. Kisha naviunganisha nyuma ya mgongo wangu na kumkabidhi. Dereva mmoja aliniambia kuwa hilo linapunguza utamu wa mchezo. Huyo nimemsikiliza, ila sikumtii.