Siku ya Tatu ya Mpita Njia

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii husomeshwa shuleni kama onyo kwa mgeni mvivu, na onyo hilo limo ndani yake kwa kweli. Walakini maana yake iliyo kubwa zaidi haimo katika uvivu, imo katika jembe. Kumpa mtu jembe ni kumwingiza katika kazi ya mji, na aingiaye katika kazi ya mji huingia pia katika haki zake, ugomvi wake na misiba yake. Siku mbili za kwanza mgeni hupewa wali na mkeka. Siku ya tatu hupewa nafasi. Basi na iulizwe: mtu ambaye kila mahali hulala usiku mmoja tu, akaondoka alfajiri, na akaishi hivyo miaka ishirini, siku yake ya tatu ni ipi?

Swali hili si la kubuni. Pale Buguruni, Barabara ya Uhuru itokayo upande wa Kariakoo hukutana na Barabara ya Mandela itokayo upande wa bandari, na malori hupita hapo usiku na mchana yakielekea Morogoro, Iringa na Tunduma, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, kisha Zambia na migodi ya shaba ya Kongo. Ndani ya lori yumo dereva, na mara nyingi utingo wake. Nyuma ya viti pana kitanda chembamba. Juu yake zimetundikwa nguo. Ubavuni mwa trela, katika sanduku la chuma, mna sufuria, jiko, dumu la maji na unga. Foleni ya mpakani ikiwa ndefu, lori huwa nyumba kwa siku kadhaa na kivuli chake huwa baraza. Wako madereva ambao kwa mwaka hulala garini siku nyingi kuliko katika nyumba waliyoijenga wenyewe. Nyumba ina mke, watoto na bati lililonunuliwa kwa fedha za safari. Mwenyewe ndiye mgeni wake.

Katika nchi nyingine maisha haya hutafutwa kwa hiari. Mwandishi John Steinbeck aliizunguka Marekani mwaka 1960 katika gari lenye kitanda na jiko, yeye na mbwa wake, ili awaone tena watu aliokuwa akiandika habari zao. Baada ya uchumi kuanguka mwaka 2008, Wamarekani wengi waliingia katika magari ya namna hiyo, si kwa hamu ya kuona watu bali kwa kushindwa kulipia nyumba. Hata Tanzania hupitwa na wageni waendao Cape Town au watokao huko, nyumba yao ikiwa mgongoni kama ya konokono. Hawa wote, wa hiari na wa dhiki, na dereva wa shaba pamoja nao, aghalabu husifu jambo moja: wema wa watu wa njiani.

Sifa hiyo ni ya kweli, na ukweli wake ndio utiao shaka. Ni rahisi kuwa mwema kwa usiku mmoja. Mpita njia hamwoni mwenyeji wake katika siku ya kugombania mpaka wa shamba, wala mwenyeji hamwoni yeye katika hasira yake ya siku ya arobaini. Kila kituo humpokea akiwa mpya, naye huweza kujipa jina na sifa apendazo. Aliyesema uongo Makambako hana haja ya kuukumbuka afikapo Tunduma. Na uongo wa barabarani una gharama, maana wako watoto wasiojua kwa baba yao ni wapi. Katika miaka ya 1980 na 1990 UKIMWI ulifuata njia kuu za Afrika Mashariki, na lawama ikarundikwa juu ya dereva, kana kwamba barabara ilikuwa na mtu mmoja tu. Haki haikutendeka katika lawama ile. Hata hivyo haiwezi kusemwa kwamba haikuwa na chanzo. Mtu asiyeweza kuulizwa kesho hujaribiwa leo.

Watu wa pwani waliijua hatari hii zamani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliona vijana wakiiendea jahazi kwa mashua, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule hukaa kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye amuuziaye na kumnunulia. Aliyemrubuni mgeni kwa bei ya chini, au aliyemwuzia kitu mwenyeji wake asipokuwapo, biashara yake ilihesabiwa batili. Wengi wameisoma habari hii kama sifa ya ukarimu. Ni zaidi ya ukarimu: ni sheria. Mgeni hakuachwa awe wa watu wote, kwa kuwa aliye wa watu wote hana wa kumtetea akidhulumiwa, wala wa kumjibia akidhulumu.

Bara, ambako hapakuwa na bandari moja ya kuwapokelea wasafiri, dawa nyingine ilipatikana. Katika karne ya 19 wapagazi, Wanyamwezi wengi miongoni mwao, walikwenda na kurudi kati ya Tabora na Bagamoyo wakiwa na pembe za ndovu na vitambaa mabegani. Njia ilikuwa miezi, na mauti yalikuwamo. Wataalamu kadhaa wa mila wanaona kwamba utani baina ya makabila ya bara na ya pwani, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, ulikuzwa sana na misafara hii. Siku hizi utani hukumbukwa zaidi kwa mzaha wake, mtu kumwita mwenziwe mtumwa wake na kumchukulia kofia asikasirike. Mzaha ulikuwa ganda. Kiini kilikuwa maziko. Mtani ndiye aliyechimba kaburi, aliyeshika maiti, aliyewachekesha wafiwa ili wasizidiwe na machozi. Mpagazi aliyekufa mbali na ndugu zake hakuwa mzoga wa njiani maadamu palikuwa na mtani. Hapakuwa na haja ya kujuana jina. Kabila lilitosha kuwa hati ya deni.

Jinsi hati hiyo ilivyokuwa ya thamani huonekana pale ilipokosekana. Kariakoo, soko ambalo kila mtu wa Buguruni huliendea, limepata jina lake kutoka kwa kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya kwanza, ambacho kilikuwa na kambi mahali hapo. Wapagazi wa vita vile walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, na walio wengi hawana kaburi lenye jina. Walisafiri kwa amri na kwa namba, si kwa utani.

Dereva wa leo hasafiri kwa utani wala hana kijana wa kumpokea kwa sahani. Lakini barabara yenyewe imemfundisha jambo. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi mnamo Novemba 1965, Zambia ilitafuta njia nyingine ya mafuta na shaba yake, na malori yakamiminika katika barabara ya Dar es Salaam ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Waingereza waliiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta lilipokamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA mwaka 1976, mzigo ulipungua, ila malori hayakuisha. Katika masika ya miaka ile lori lililokwama lilimlazimisha dereva kukaa siku ya pili, na ya tatu, na ya sita. Matope yalimpa jembe ambalo mwendo ulimnyima.

Lami imeondoa matope, na lililobaki ni daftari. Mama ntilie wa kituo cha malori humpa dereva sahani ya ugali na samaki kwa ahadi ya kulipa akirudi. Dereva naye hubeba gunia la vitunguu la mtu wa Ilula hadi Buguruni, na fedha za mauzo huzirudisha safari ijayo. Wajuzi wa uchumi wataliita jambo hili mkopo mdogo, na hawakukosea. Lakini haliwezekani pasipo mtu kuwa yule yule katika vituo viwili. Akopaye hawezi kubadili jina. Siku ya tatu ya mpita njia haihesabiwi kwa kukaa, huhesabiwa kwa kurudi. Na kurudi peke yake hakutoshi, maana hata mwongo hurudi. Hurudi kama mtu wa mji yule ambaye yuko wa kumdai.

Katika misiba ya Waislamu, kabla maiti haijapelekwa makaburini, msemaji wa wafiwa husimama akatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze kwa warithi wake, deni lilipwe au lisamehewe. Kwa mtu aliyeishi mtaa mmoja tangazo hilo linatosha. Wadai wake wote wamesimama uani. Akifa dereva, tangazo hutolewa Buguruni, na wadai wake wako Ilula na Makambako na Tunduma wanakosha masufuria. Habari huwafikia kwa madereva wengine, baada ya wiki au mwezi, lori linaposimama kwa chai. Huyu atapokea fedha kutoka kwa mleta habari, ambaye halikuwa deni lake. Yule atafuta jina kwa kalamu na kusema amesamehe. Na yuko atakayefunga daftari kwanza, akauliza marehemu alizikwa wapi, na kama ameacha watoto.