"Wewe Kazi Yako Kusoma Tu"



Wiki mbili zilizopita, tulipomaliza sala ya jumuiya, kijana mmoja aliyehitimu chuo mwaka jana alinivuta pembeni. Akaniuliza: "Frateri, hivi shule imenisaidia nini? Nimesoma miaka 16. Leo mama ananiuliza tuuze kahawa sasa hivi au tusubiri bei ipande, nabaki namtazama tu."

Nina digrii ya falsafa, na watu wa falsafa hatukosagi la kusema. Lakini siku ile nilinyamaza. Swali lake lilinirudisha kwenye wodi moja, na karatasi moja. Ngoja nikusimulie.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho wa falsafa, baba alilazwa. Ana kisukari cha miaka mingi, na kidonda cha mguuni kilikuwa kimeharibika vibaya. Daktari akasema mguu ukatwe chini ya goti, na kuna fomu ya ridhaa ya kusainiwa. Mama alikuwa bado njiani. Pale kwenye korido tulikuwa mimi, baba mdogo, na mdogo wangu wa kike, ambaye kidato cha nne alipata ziro na sasa ana genge lake la nyanya na vitunguu. Wote wakanitazama mimi. Kaka mkubwa. Msomi. Padre mtarajiwa.

Nilishika kalamu, mkono ukagoma. Nikaanza kuongea: tutafute daktari mwingine atushauri, tumsubiri mama, nimpigie simu padre mmoja anayejuana na watu wa hospitali. Kila nilichosema kilikuwa na mantiki. Lakini kusema kweli nilikuwa natafuta mtu wa kunipa jibu, kama mwanafunzi anayechungulia karatasi ya jirani.

Mdogo wangu aliniacha niongee mpaka nikaishiwa. Kisha akamgeukia daktari: "Dokta, tukisubiri mpaka keshokutwa itakuwaje? Akishakatwa tutakaa hapa siku ngapi? Na kidonda tukifika nyumbani tutakisafishaje?" Alipojibiwa, akanigeukia mimi. "Kaka, mbona baba mwenyewe hatujamuuliza?"

Ilinichoma. Baba alikuwa na akili zake timamu, kitanda cha tatu kutoka mlangoni, na mimi nilikuwa najadili mguu wake bila yeye. Mdogo wangu akaenda, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamweleza kwa Kimatengo, taratibu. Baba alinyamaza kitambo. Akauliza shamba litalimwa na nani. Akajibiwa. Akasema, "Haya, leteni hiyo karatasi." Akasaini mwenyewe. Fomu ile tuliyokuwa tunaiogopa wote ilikuwa na nafasi ya sahihi ya mgonjwa, na mimi sikuwa hata nimeisoma.

Usiku ule nilijiuliza: kati yangu na mdogo wangu, ni nani aliyeandaliwa kwa ajili ya maisha?

Usikimbilie kusema "shule haina maana." Miezi michache baadaye mdogo wangu alinionyesha karatasi nyingine. Ili kusaidia gharama za baba, alikuwa amechukua mkopo wa kausha damu: shilingi 200,000, marejesho 25,000 kila wiki, kwa wiki 12. Yeye aliitazama ile 25,000, akaona genge litaiweza. Nikazidisha mara 12 nyuma ya bahasha: 300,000. Riba ya laki nzima ndani ya miezi mitatu, na adhabu ya kuchelewa imeandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa. Alitazama zile namba kwa muda, kisha akasema neno moja tu: "Kumbe." Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi. Basi shule ina kazi yake, na asiyeipata hulipia, tena wiki kwa wiki.

Kwa hiyo swali la yule kijana lisiwe "shule ni nzuri au mbaya?" Tuulize hivi: katika yale yanayomfanya mtu kuwa mtu mzima, shule inatoa lipi, na lipi haiwezi kulitoa?

Hapa nivumilie kidogo na falsafa yangu. Aristotle, katika kitabu cha sita cha Maadili ya Nikomako, anasema kijana anaweza kuwa hodari wa jiometri, lakini si rahisi kumpata kijana mwenye busara. Sababu yake ni kwamba busara hushughulika na mambo ya mojamoja, na hayo hujulikana kwa uzoefu, na uzoefu unataka muda. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaichukua hoja hiyo na kuisogeza mbele. Anafundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kupima na kuhukumu lililo sahihi, na kuamuru lifanyike. Na kwake lile la tatu ndilo kuu. Mtu anayeshauri vizuri na kupima vizuri lakini hafikii kutenda, busara yake bado ina pengo.

Sasa fikiria karatasi ya mtihani. "Jadili." "Fafanua kwa mifano." "Toa hoja sita." Shule inatufundisha tendo la kwanza na la pili, na ikiwa shule nzuri inatufundisha vizuri sana. La tatu halina mtihani. Ukiandika kwenye karatasi kwamba mguu ukatwe, hakuna mguu unaokatwa. Ukikosea, anayepoteza alama ni wewe peke yako. Halafu swali la mtihani lina jibu ambalo mtu fulani tayari analo kwenye mwongozo wa kusahihishia. Swali la "tuuze kahawa sasa au tusubiri" halina mwongozo popote, na familia nzima itaishi na jibu lako.

Nikupe mfano wa kwetu Mbinga. Wamatengo tunalima milimani kwa ngoro. Unafyeka majani, unayalaza kwa mistari inayokatana iwe miraba, kisha unachimba katikati ya kila mraba na ule udongo unafukia majani pembeni. Panabaki shimo la kukamata maji, na kwenye matuta unapanda maharage. Nikiwa darasa la sita niliandika maana ya mmomonyoko wa udongo, sababu zake na njia za kuuzuia, nikapata alama zote. Likizo ya Pasaka bibi akanipa safu yangu ya ngoro kwenye mteremko. Mvua kubwa ikaja, safu nzima ikabomoka, maharage yakaenda na maji. Bibi hakunikaripia. Alinishika mkono, akanionyesha mahali ambapo nilifukia majani juujuu, akasema: "Hapa tungepata debe." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kosa langu kupunguza chakula cha watu wengine. Kuhusu udongo, sijawahi kujifunza zaidi ya siku ile.

Ilikuwa mara ya kwanza, na karibu ilikuwa ya mwisho. Nilipofaulu kwenda seminari ndogo, kila nikirudi likizo na kushika jembe, mama alininyang'anya: "Acha mwanangu, wewe kazi yako kusoma tu."

Hebu itazame sentensi hiyo. Imejaa upendo. Mama alikuwa ananilinda na jua lililomchoma yeye. Lakini polepole ilinifundisha kwamba mtu anayesoma hadaiwi kitu kingine chochote. Bwenini nililishwa kwa kengele, nililala kwa kengele, nilisali kwa kengele. Hata leo, nikiwa seminari kuu, sijawahi kukosea ikasababisha mtu akalala njaa. Na jembe nililonyang'anywa mimi halikubaki ukutani. Alipewa mdogo wangu. Yeye ndiye aliyekuwa anachelewa vipindi vya asubuhi kwa sababu ya maji na kuni, ili kaka asome. Siku hizi najiuliza ile ziro yake ni ya nani hasa.

Ndiyo maana nasema: tatizo kubwa si kwamba shule inafundisha machache. Tatizo ni kwamba kwa ajili ya shule tunasamehewa mambo mengine yote, halafu siku ya mahafali tunakabidhiwa dunia nzima kwa mpigo. Mtu wa miaka 24 ambaye hajawahi kukabidhiwa hata kuku tunamwambia ajiajiri.

Utasema, "Frateri, serikali imeshaliona hilo." Kweli, Sera ya Elimu toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali sekondari, na mimi nafurahi. Lakini kumbuka hatuanzi leo. Mwaka 1967 Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa mwenyewe mwalimu pale Pugu, aliandika Elimu ya Kujitegemea. Alilalamika kwamba elimu inamtenga mwanafunzi na jamii inayomlisha, akataka shule ziwe na mashamba na wanafunzi wahusike hata katika kupanga na kuamua. Nini kilitokea? Katika shule niliyosoma mimi, jembe lilikuwa adhabu. Ukichelewa, unalima. Shamba lilikuwepo, lakini hakuna aliyetukabidhi. Amali nayo, ikiishia kwenye cheti bila mwanafunzi kuwajibika kwa kitu ambacho mtu anakihitaji, itabaki kuwa somo jingine la kukariri.

Utasema tena, "Mbona kuna watoto wanabebeshwa mizigo mpaka wanaacha shule?" Wapo, na mmoja nimekusimulia. Lakini kukabidhiwa si kutumikishwa. Bibi alinikabidhi: alinipa kipande kinacholingana na umri wangu, akasimama karibu, na nilipokosea alinionyesha nilipokosea. Mdogo wangu alitumikishwa: alipewa kazi ya watu wawili na hakuna aliyeuliza masomo yanaendaje. Mtoto mmoja akisamehewa kila kitu, mara nyingi kuna mwingine anayelipa.

Wana-VIWAWA mnaosoma hapa mnamjua Kardinali Joseph Cardijn wa Ubelgiji. Alipokuwa mseminari, akirudi likizo aliwakuta wenzake aliosoma nao wameshaingia viwandani, na wanamwona kama mtu wa upande mwingine. Iliumiza moyo wake, na hakuisahau. Mwaka 1925 chama cha vijana wafanyakazi alichokianzisha kilisimama rasmi, na njia yake tunaijua wote: ona, amua, tenda. Papa Yohane XXIII aliipendekeza kwa Kanisa zima katika waraka wa Mater et Magistra mwaka 1961. Ukiitazama vizuri utaona ina sura ya yale matatu ya Mtakatifu Tomaso. Cardijn hakusubiri vijana wakomae ndipo awape jambo la kutenda. Aliamini watakomaa kwa kulitenda.

Na juu ya wote, mtazame Bwana wetu. Luka anatueleza kwamba akiwa na miaka 12 alikaa hekaluni katikati ya walimu, anasikiliza na kuuliza, na wote wakashangazwa na akili zake. Kwa matokeo yale sisi tungemwambia, "Baki huku Yerusalemu, wewe kazi yako kusoma tu." Yeye alishuka Nazareti akawatii wazazi wake. Alipoanza kuhubiri alikuwa na miaka kama 30, na watu wa kwao walimjua kwa kazi ya mikono, useremala. Miaka hiyo yote katikati, Mwana wa Mungu alitengeneza vitu ambavyo watu walivitegemea. Sithubutu kusema ilikuwa kupoteza muda.

Basi nilimjibu nini yule kijana? Nilimwambia: "Shule imekupa kuuliza na kupima. Vitumie. Nenda ukaulize bei za miaka iliyopita kwenye chama cha ushirika, muulize mama deni gani linamsubiri, kisha mwambie unachoona, na uwe tayari kubaki naye kama mtakosea." Aliguna. Lakini aliondoka akiwa ameshatoa simu mfukoni.

Na mimi? Likizo iliyopita nilimwomba mama jembe, nikakataa kunyang'anywa. Nimelima ngoro za baba, si vizuri sana, lakini hazijabomoka. Mdogo wangu alimaliza lile deni, hakukopa tena pale, na sasa yumo kwenye kikoba cha jumuiya. Ameamua kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Jioni akifunga genge ananipigia simu, tunafanya hesabu. Juzi aliniambia, "Kaka, unaeleza haraka mno, mimi si karatasi." Bado najifunza.

Wiki hii nakuachia maswali matatu ya kutafakari. Kama bado unasoma: ni jambo gani nyumbani ambalo wewe usipolifanya, kuna mtu atakosa? Kama halipo, omba ukabidhiwe moja. Kama umehitimu na uko nyumbani: ni uamuzi gani unaukwepa kwa kisingizio cha kutafuta ushauri zaidi? Na sote: ni nani aliyebeba jembe ili wewe usome, na umemrudishia nini?

Tusali. Ee Yesu, uliyekaa na walimu hekaluni na ukafanya kazi Nazareti, tujalie akili ya kuona, moyo wa kuamua na mikono isiyogoma. Wakumbuke waliotaabika ili sisi tusome, na utufanye tuwe msaada kwao. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo. Tukutane tena wiki ijayo.