Mkopo Usioombwa: Wahadhiri, Mishahara na Neno la Mwajiri

Kukatwa mshahara, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni hali ambapo mwajiri anamlipa mwajiriwa chini ya kiwango walichokubaliana, bila ridhaa yake, ilhali kazi yenyewe haijapungua hata kidogo. Hali hiyo haimhusu tu mwajiri anayetangaza kwamba mwezi huu atalipa sehemu ya mshahara na kuiacha nyingine. Inamhusu pia yule anayetia sahihi nyongeza ya mishahara kisha akakaa nayo kwa miaka, mpaka bei ya unga, nauli na kodi ya nyumba iwe imekwisha kuimeza nyongeza hiyo kabla haijamfikia mwenyewe. Vyuo vikuu vya umma nchini Kenya vimeyajua makato ya aina zote mbili, na katika kila aina mhadhiri amegeuzwa mkopeshaji wa chuo anachokitumikia, akitoa mkopo usio na riba, usio na tarehe ya kulipwa na, jambo lililo zito zaidi, usioombwa.

Kisa kilicho wazi kuliko vyote ni cha Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro katika Kaunti ya Nakuru, ambacho kilianzishwa mwaka 1939 kama shule ya kilimo na kupandishwa hadhi kuwa chuo kikuu mwaka 1987. Janga la Korona lilipofunga madarasa mwaka 2020 na karo kukauka, wafanyakazi wa chuo hicho walianza kulipwa asilimia 60 ya mishahara yao. Masomo yaliporejea, mshahara haukurejea pamoja nayo. Tawi la chama cha wahadhiri wa vyuo vikuu, UASU, lilipeleka malalamiko katika Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Kazi mjini Nakuru na kupata maagizo yaliyowaunga mkono, lakini amri ya mahakama haiwezi kujaza akaunti isiyo na kitu, na mnamo Novemba 2021, wahadhiri wakiwa wameweka chini chaki, chuo kilifungwa na wanafunzi wakarudishwa makwao.

Anayesikia kwamba mtu amekatwa asilimia 40 huenda akadhani kwamba mtu huyo amebaki na asilimia 60 ya maisha yake, na kwamba kwa kubana matumizi ataweza kuvuka kipindi kigumu. Hesabu haiendi hivyo. Mfano ni wa mhadhiri mwenye mshahara wa shilingi 150,000, ambaye kila mwezi hulipa shilingi 60,000 za mkopo wa benki na wa Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, kwa sababu alijenga nyumba au alimpeleka mtoto shule akitegemea kwamba mshahara wake ni jambo la hakika. Baada ya kodi ya mapato na makato mengine ya kisheria, mtu huyo hubaki na takriban shilingi 40,000 za chakula, nauli na karo. Mshahara wake ukishushwa hadi shilingi 90,000, kodi itapungua, lakini mkopo hautapungua hata senti, kwa maana benki haikukatwa asilimia 40 ya kile inachomdai. Na mwisho wa hesabu atabaki na shilingi elfu chache, ambazo hazimfikishi wiki ya pili ya mwezi. Mkutano wa baraza la chuo, yaani bodi inayokisimamia na kuidhinisha bajeti yake, unaweza kuliita jambo hili marekebisho ya muda, lakini kwa aliyelibeba ni kuporomoka kwa nyumba nzima.

Sheria ya Kenya iliona hatari hii mapema. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alipe mshahara wote unapofika wakati wake, inamlazimu ashauriane na mwajiriwa kabla ya kubadilisha masharti ya kazi na kumjulisha mabadiliko hayo kwa maandishi, na inazuia makato ya jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara, ili asiwepo mtu anayefanya kazi mwezi mzima na kurudi nyumbani mikono mitupu. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka huohuo nayo inaupa nguvu mkataba wa makubaliano ya pamoja, ambao ni maafikiano ya maandishi kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi kuhusu mishahara na masharti ya kazi: ukishasajiliwa na mahakama, huwa sehemu ya kandarasi ya kila mfanyakazi anayehusika, na Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinailinda haki ya kuujadili. Kwa hiyo tatizo la wahadhiri halikuwa upungufu wa sheria. Lilikuwa, na bado ni, mazoea ya kuiona ahadi iliyoandikwa kama makadirio tu.

Haki inadai isemwe pia kwamba wakuu wa vyuo hawaubuni ufukara wa vyuo vyao. Kwa miaka mingi vyuo vya umma vilijikimu kwa wanafunzi waliojilipia karo kamili, na kwa mapato hayo vikafungua kampasi mijini na kuajiri watu wengi. Mtihani wa kidato cha nne ulipodhibitiwa dhidi ya udanganyifu mwaka 2016, idadi ya watahiniwa waliopata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo tiketi ya kuingia chuo kikuu, ilishuka kutoka zaidi ya 169,000 mwaka uliotangulia hadi chini ya 89,000, na kwa kuwa serikali iliweza kuwapa nafasi wote, soko la wanaojilipia likayeyuka karibu kwa mkupuo mmoja. Fedha za serikali hazikulijaza pengo hilo, na madeni ya vyuo vya umma yamepanda hadi kupita shilingi bilioni 60, sehemu yake ikiwa pesa zilizokwisha kukatwa kwenye mishahara kwa ajili ya pensheni, kodi na Sacco lakini hazikuwasilishwa kunakohusika. Katika ukata huu wote, hilo la mwisho ndilo jambo lisilosameheka kwa urahisi, kwa kuwa mfanyakazi huonyeshwa kwenye hati yake ya malipo kwamba ameweka akiba, na anapokwenda kuomba mkopo wa matibabu anaambiwa kwamba akiba hiyo haijafika.

Wakazi wa Makutano, mjini Meru, wana sababu ya kulifuata suala hili kwa karibu kuliko wengi, kwa kuwa maisha ya Meru na Embu yamefungamana na vyuo. Kutoka Makutano, barabara ya Maua inaelekea upande wa Kaaga, kwenye Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya, na kufika Nchiru, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichopata hati ya kujitegemea mwaka 2013. Upande wa kusini kuna Chuo Kikuu cha Chuka, kisha Chuo Kikuu cha Embu kilichopata hati yake mwaka 2016. Mwenye hosteli, mwenye kibanda cha chakula, mwendeshaji bodaboda na mchuuzi wa mboga hawamo katika mkataba wowote wa wahadhiri, lakini mshahara unaochelewa chuoni huwafikia wao kabla ya wiki kuisha, kwa njia ya daftari la mikopo ya dukani linalozidi kunenepa.

Kuna jambo jingine katika historia ya eneo hili linalofaa kukumbukwa. Chimbuko la chuo cha Nchiru ni Chuo cha Teknolojia cha Meru, kilichozaliwa na juhudi za wenyeji wenyewe katika enzi ambayo vyuo vya ufundi vilijengwa kwa harambee kote nchini. Na Nchiru hiyohiyo ndiko liliko makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, ambalo heshima yake imejengwa juu ya desturi ya kusikiza pande zote kabla ya kukata shauri. Mchango wa harambee huombwa hadharani, mtoaji hutaja kiasi anachokimudu, jina lake huandikwa, na kesho yake ana haki ya kuuliza pesa zimefanya nini. Watu walioweza kutoa kuku na debe la mahindi ili watoto wa wengine wasome si watu wa kukataa kujinyima. Wahadhiri nao, kama wangefunguliwa vitabu vya hesabu, wakaonyeshwa kilichoingia na kilichotoka, wakaombwa waahirishe sehemu ya mshahara kwa muda uliotajwa na kwa deni lililoandikwa, na kama wangeona kwamba marupurupu ya wakuu na ununuzi wa magari umebanwa kwanza, wangeweza kukubali, na kukubali kwao kungekuwa mchango. Tofauti kati ya mchango na unyang'anyi haiko katika kiasi kilichotolewa. Iko katika kuombwa na kukubali.

Ili kuombwa huko kuwezekane, lazima pawepo mtu wa kuombwa anayesema kwa niaba ya wote, na hapo ndipo thamani ya chama inapoonekana. Wahadhiri wa Kenya hawakupewa chama chao kama zawadi. Mwaka 1980 Rais Daniel arap Moi alikipiga marufuku chama cha wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na kile cha watumishi wa serikali, na Willy Mutunga, mhadhiri wa sheria aliyekuwa katibu mkuu wake, akawekwa kizuizini mwaka 1982. Ni Mutunga huyohuyo aliyekuja kuwa Jaji Mkuu mwaka 2011. Mwishoni mwa Novemba 1993 wahadhiri wa vyuo vinne vya umma vya wakati huo waligoma, na dai lao la kwanza halikuwa hata mshahara bali kusajiliwa kwa UASU, ili wawe na sauti inayotambuliwa na sheria. Mgomo huo ulivuta hadi mwaka uliofuata, baadhi ya viongozi wakafutwa kazi, na usajili haukupatikana mpaka mwaka 2003, baada ya utawala kubadilika. Kizazi cha wahadhiri kinacholalamika leo kwamba ada ya chama inakatwa bila faida ya haraka kingefaa kukijua kipindi hicho cha miaka kumi, ambapo watu walipoteza kazi wakidai haki ya kulipa ada hiyohiyo.

Makato ya aina ya pili, yale ya kuchelewesha, yalifikia kilele Septemba 2025. Mkataba wa makubaliano wa kipindi cha 2017 hadi 2021 ulikuwa umekwisha muda wake, na bado sehemu ya fedha zake haikuwa imelipwa, huku serikali na chama wakibishana hata juu ya kiasi chenyewe. Mgomo ulianza tarehe 17 Septemba na kudumu siku 49, mpaka tarehe 5 Novemba ulipotiwa sahihi muafaka wa kulipa karibu shilingi bilioni 8 katika awamu mbili, ya pili ikiwekewa Julai 2026. Shilingi aliyostahili mhadhiri mwaka 2018 na kuipokea miaka minane baadaye si shilingi ileile. Hakuna kipengele cha muafaka kinachoweza kuirudisha nguvu iliyopotea njiani, na kwa sababu hiyo hata ushindi wa chama ni ushindi uliokatwa.

Wapo wanaosema kwamba mgomo humwadhibu mwanafunzi asiyehusika, na maneno hayo yana uzito ambao chama hakipaswi kuupuuza. Siku 49 kwa mwanafunzi wa Nchiru au Embu ni kodi ya chumba iliyolipwa bure, ni mkopo wa elimu unaoliwa bila somo, ni kuhitimu kunakosogezwa mbele. Uganda ilipitia hali kali zaidi tarehe 1 Novemba 2016, Rais Yoweri Museveni alipokifunga Chuo Kikuu cha Makerere kufuatia mgomo wa wahadhiri waliodai malimbikizo ya marupurupu, kikakaa kimefungwa hadi mwaka mpya. Hata hivyo, mwanafunzi anayefundishwa na mtu aliyekatwa mshahara naye hapati alicholipia, kwa maana mhadhiri huyo anakimbia kampasi tatu kwa wiki, anasahihisha mitihani kwa haraka, haandiki utafiti, na anamsimamia mwanafunzi wa uzamili kwa simu akiwa ndani ya matatu. Mgomo huonekana kwa sababu mlango wa darasa unafungwa. Upungufu huu mwingine hautangazwi na yeyote, na unaweza kudumu miaka bila baraza lolote kuitisha kikao cha dharura.

Lipo kundi moja ambalo mafanikio ya UASU hayajaligusa kwa kiasi linachostahili, nalo ni la wahadhiri wa muda, wanaolipwa kwa kila somo wanalofundisha muhula mmoja bila pensheni, bila bima na bila mwezi unaojulikana wa malipo. Wengi wao ni vijana wenye shahada za juu, wanaoishi kwa matumaini ya kuajiriwa siku moja, na chuo kinapopungukiwa fedha madai yao huwekwa chini kabisa ya faili, kwa kuwa hawana mkataba wa pamoja unaowataja. Wao ndio wakopeshaji wanyonge kuliko wote. Chama kinachojiandaa kwa mazungumzo ya mkataba wa miaka minne ijayo kinaweza kuanza kwa kudai kwamba malipo ya somo lililofundishwa na kusahihishwa yawe na tarehe ya mwisho, na kwamba mhadhiri wa muda aruhusiwe kuingia katika tawi akiwa mwanachama kamili, mwenye kura, katika chuo kilekile anachofundisha.