Bakhita Asimfukuze Kabula

Wazazi wa Puge wametuuliza kama yafaa binti yao, aitwaye Kabula kwa jina la bibi yake, aandikwe katika kitabu cha ubatizo Bakhita peke yake, na lile la kwanza liachwe kwa kuwa ni la kienyeji. Bakhita ni jina jema mno. Lakini je, asili yake yajulikana?

Mtakatifu Yosefina Bakhita alizaliwa Darfur, nchi ya Sudani, yapata mwaka 1869. Angali mtoto wa miaka saba au minane hivi, watu wabaya walimteka. Kwa hofu alilisahau jina alilopewa na wazazi wake, wala hakulikumbuka tena mpaka kufa. Bakhita ni neno la Kiarabu, maana yake mwenye bahati, tena ni ndugu wa neno letu hilo hilo bahati. Na waliombandika ndio wale wale waliomwiba! Mwenye bahati huyo aliuzwa mara kadha wa kadha, akachanjwa mwilini. Naye alipobatizwa huko Venice, tarehe 9 Januari 1890, Kanisa halikulitupa hata jina hilo la utumwani: aliitwa Giuseppina Margherita Fortunata, na Fortunata kwa Kilatini ni Bakhita. Alitangazwa Mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Yatupasa sisi wa Unyamwezi kulifikiri sana jambo hili. Tabora palikuwa kituo kikuu cha misafara ya karne ya 19. Wanyamwezi wengi walibeba pembe hadi Bagamoyo kwa ujira. Lakini katika njia hiyo hiyo walipita pia watu wa Manyema na kwingineko, wamefungwa minyororo, nao walipofika pwani wakaitwa kama walivyopenda mabwana zao. Wale walinyang'anywa majina ya mama zao. Je, sisi tuyatupe kwa hiari yetu?

Kabula latokana na mbula, yaani mvua: ni mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mvua. Mkulima wa Puge hana haja ya kuelezwa kwamba hiyo ni shukrani. Upagani wake u wapi?

Tena, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni 761, iliagiza kwamba wazazi wakishikilia jina lao, padre aongeze la Mtakatifu, na yote mawili yaandikwe. Ile ya mwaka 1983, kanuni 855, yataka tu jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo. (Twajua wako walimu waliofundisha kwa ukali zaidi, bidii yao ya dini hatuilaumu.)

Basi, mwandikisheni Bakhita Kabula. Bibi, kama yu hai, amsimulie mjukuu wake habari za mvua ile. Na padre akisita, mwonyesheni kanuni 855.