Mzigo wa Mama Mgonjwa ni wa Nani?

Mama aliye mgonjwa sana, ambaye dawa zake zitakula malipo ya shule ya watoto wake, je, atenda dhambi akikataa matibabu? Swali hili si la vitabuni tu. Laulizwa nyumbani, katika milima ya Butembo na katika vijiji vya Beni, mara nyingi usiku, watoto wakiisha kulala. Mkatekumeni anayejifunza amri ihusuyo uhai yafaa ajue jibu lake. Yafaa pia ajue ya kuwa ndani ya swali hilo limefichwa swali la pili.

Afikiriwe mama mmoja wa kijiji kilicho kando ya njia itokayo Butembo kwenda Beni. Ni mfano tu, wala si habari ya mtu fulani. Mama huyo aliona uvimbe katika titi lake, akanyamaza kwa kuwa haukuuma. Maana uvimbe wa namna hiyo mara nyingi hauumi mwanzoni. Mwishowe mganga wa hospitali alimwambia ya kuwa ni saratani, ile ambayo watu wengi huiita kansere. Alimweleza pia matibabu: kupasuliwa kwanza, kisha kutiwa dawa kali katika mshipa kwa zamu, mara nyingi zamu moja kila majuma mawili au matatu, kwa muda wa miezi kadhaa. Dawa hizo huua ugonjwa, lakini hupiga pia mwili ulio mzima: nywele hunyonyoka, chakula huchukiza, nguvu hupungua. Na anayeziacha katikati huupa ugonjwa nafasi ya kurudi.

Mama alihesabu mali yake: mbuzi watatu, shamba la maharage, miti michache ya kahawa. Alihesabu pia watoto wawili walio katika shule ya sekondari. Ndipo akasema, "Niacheni. Heri nife mimi, watoto wasome."

Wako watakaosema upesi, "Amekosa, ameutupa uhai aliopewa na Mungu." Wengine watasema, "Amefanya vema, amejitoa kwa ajili ya wanawe." Hukumu hizo mbili zina haraka. Tarehe 24 Novemba 1957 Baba Mtakatifu Pio XII aliwajibu madaktari juu ya jambo hili. Alifundisha ya kuwa mtu hufungwa kutumia njia za kawaida za kuulinda uhai, kwa kadiri ya hali ya watu, mahali na nyakati. Yaani njia zisizomtwika yeye mwenyewe wala mwingine mzigo mzito kupita kiasi. Basi, ikiwa mzigo huo kweli wazidi nguvu za nyumba yake, mama huyo hana dhambi.

Lakini uzito wa mzigo hupimwaje? Gunia la maharage la kilo 100 halichukuliwi na mwanamke mmoja. Wakija watu wanne, lanyanyuka. Gunia ni lile lile. Yaliyoongezeka ni mabega. Vivyo hivyo gharama iliyo kubwa mno kwa nyumba moja yaweza kuwa ya kawaida kwa nyumba ishirini. Hapo ndipo swali la pili laonekana: kabla ya kuuliza kama mama ana haki ya kukataa, majirani wajiulize kama hawakumwacha peke yake chini ya gunia. Aliyeachwa peke yake hakuchagua, bali amelazimishwa.

Injili ya Marko yasimulia habari za mtu aliyepooza, aliyechukuliwa na watu wanne. Walipozuiwa na umati, walipanda wakatoboa dari. Ndivyo shirika la Wakristo kijijini liwezavyo kufanya. Mmoja amsindikize mgonjwa hospitalini, mwingine awapikie watoto, vijana walime shamba kabla mvua hazijapita. Fedha zichangwe na kuandikwa katika daftari mbele ya wote, pasiwe na manung'uniko.

Mambo mawili huzuia msaada huo. La kwanza ni hofu. Tangu Agosti 2018 hata Juni 2020 Ebola iliua watu 2,287, wengi wao katika nchi ya Beni na Butembo, na siku zile upendo wenyewe uliamuru watu wasimguse mgonjwa. Saratani si hivyo. Haiambukizwi kwa kushikana mikono wala kwa kula sahani moja, wala si kazi ya mchawi. Anayemkimbia mama huyu hujilinda na hatari isiyokuwapo.

La pili ni aibu ya kupokea. Mama aliyezoea kutoa huona kupokea ni kuombaomba. Lakini mtoaji naye ajihadhari: akiutangaza msaada wake sokoni, amemwongezea mgonjwa mzigo mwingine.

Hata hivyo mabega yote ya kijiji yana mwisho wake. Huenda mgonjwa akahitaji tiba ya mionzi, hata kuvuka mpaka wa Kasindi kwenda Kampala, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967. Safari hiyo ni ndefu, na tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni yametia hofu njiani na mashambani. Tena mashine nazo huharibika: ile ya mionzi ya Kampala ilikufa mwaka 2016, na mpya ilizinduliwa mwaka 2018. Ikiwa wote wamesaidia na mzigo bado wazidi, mama aweza kusema, "Imetosha." Huko si kukata tamaa. Wala fedha za jirani hazikupotea, kwa maana hazikuwa biashara na kifo. Hapo kazi ya majirani haiishi: wampatie dawa ya maumivu, wamwogeshe, wakae naye.

Katekista aweza kuwauliza wakatekumeni hivi:

Je, mgonjwa hufungwa kutumia kila dawa, hata kwa kuiangamiza nyumba yake? – La, hafungwi.

Je, jirani aweza kusema, "Hafungwi," kisha akaenda zake? – La. Kwanza atie bega lake chini ya mzigo.