Je, Mkatoliki Awaogope Wanahistoria?



Wapendwa vijana, siku hizi historia imetoka maktaba ikaingia kwenye simu. Mtu yuko kwenye daladala, hedifoni masikioni, anamsikiliza profesa akihojiwa saa nzima juu ya Roma ya kale, vita vya dunia au biashara ya watumwa. Ni neema kubwa kweli. Babu zetu wangelazimika kusafiri mbali sana ili wakae karibu na mtu aliyemaliza nusu ya maisha yake akisoma nyaraka za karne moja tu.

Ila neema hii ina mtihani wake. Siku moja mazungumzo yatafika kwenye Kanisa lako, na profesa atasema jambo ambalo hukulisikia kwenye mafundisho ya Kipaimara. Hapo utafanyaje? Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: je, nina wajibu wa kusikiliza ukweli kuhusu zamani hata pale unapomgusa mama ninayempenda, yaani Kanisa?

Tuchukue mfano mmoja mgumu. Kwenye magrupu ya WhatsApp huwa inapita sentensi hii: “Kanisa Katoliki lilibariki utumwa wa Waafrika.” Wengi wetu tuna majibu mawili tu. Wa kwanza anakasirika: “Uongo mtupu, hizo ni propaganda za maadui wa Kanisa!” Wa pili ananyamaza, halafu polepole anaacha kwenda Misa. Ukiwaangalia vizuri, hawa wawili ni ndugu, maana hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la pili.

Mwanahistoria yeye anaanza na swali la pili. Nani hasa? Mwaka gani? Hati ipi? Iliandikwa kwa nani? Ukienda naye hivyo hatua kwa hatua, unakutana na mambo haya.

Mwaka 1435 Papa Eugenio IV aliamuru watu wa Visiwa vya Canary waliobatizwa na kutiwa utumwani waachiwe huru ndani ya siku 15, na asiyetii atengwe na Kanisa. Miaka 17 tu baadaye, mwaka 1452, Papa Nikolasi V alimwandikia mfalme Afonso V wa Ureno hati inayomruhusu kuwavamia Wasaraseni na wapagani na kuwatia katika utumwa wa kudumu. Mwaka 1455 akatoa hati nyingine ya kuthibitisha haki za Ureno kwenye pwani ya Afrika. Halafu mwaka 1537 Papa Paulo III akatamka kwamba wenyeji wa Amerika wasinyang'anywe uhuru wala mali zao, hata kama bado hawajawa Wakristo. Mwaka 1839 Papa Gregori XVI akalaani biashara ya watumwa, akiwataja Waafrika waziwazi. Mwaka 1888 Papa Leo XIII akawaandikia maaskofu wa Brazil dhidi ya utumwa, mwaka uleule nchi hiyo ilipoufuta.

Umeona? Yule aliyekasirika amekosea, kwa sababu hati za 1452 na 1455 zipo na maneno yake yanauma. Yule aliyekata tamaa naye amekosea, kwa sababu hizo hazikuwa sauti pekee. Na kuna somo la tatu ambalo wote wawili hawalitaki: hati nzuri za mapapa hazikutosha kuzuia meli. Biashara iliendelea karne kwa karne, na Wakatoliki waliobatizwa kama wewe na mimi waliendelea kununua na kuuza watu. Ukweli huu hautoshei kwenye sentensi moja ya WhatsApp.

Sasa mtu atauliza: “Frateri, mimi sijui Kilatini, sijawahi kuona hati hizo. Kwa nini nimwamini profesa?” Ni swali zuri, tena la kifalsafa. Mtakatifu Augustino alikwisha kuonyesha kwamba bila kuamini ushuhuda wa wengine tusingejua hata wazazi wetu ni nani. Kumwamini mtaalamu si uvivu wa akili. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatukumbusha upande wa pili: hoja inayotegemea mamlaka ya binadamu peke yake ndiyo dhaifu kuliko zote. Ukiwaweka hao wawili pamoja unapata njia ya busara. Mpe mtaalamu sikio lako, kisha muulize umejuaje.

Na usikimbilie kuuliza “huyu ni wa upande gani?” kana kwamba jibu la hapo linamaliza kesi. Mwaka 1440 msomi Lorenzo Valla aliandika kitabu kuhusu hati maarufu iliyodai kwamba Kaisari Konstantino alimpa Papa mamlaka juu ya nchi za magharibi. Valla alionyesha kwamba Kilatini chake hakikuwa cha karne ya nne; ndani yake kulikuwa na maneno ambayo watu wa enzi za Konstantino wasingeyatumia hivyo. Yaani hati ilikuwa ya kughushi. Wakati huo Valla alikuwa mtumishi wa mfalme aliyekuwa na ugomvi na Papa. Nia yake ungeweza kuitilia shaka mchana kweupe. Lakini hoja ilisimama, na leo hakuna mwanahistoria Mkatoliki anayeitetea hati ile. Tena Papa Nikolasi V, yuleyule wa 1452, ndiye aliyemchukua Valla akafanye kazi Roma. Mtu mmoja alimpa kazi aliyefichua uongo wa kale, na mtu huyohuyo akatia muhuri hati iliyoumiza bara letu. Historia haitupi watu wa rangi moja.

Tuje nyumbani. Wengi mmewahi kwenda kuhiji Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni pale mwaka 1868, miaka mitano kabla ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa. Walikomboa watoto kwa fedha, wakawalea, na kupitia kwao imani ikaanza kuingia bara. Hiyo ni sehemu ya kweli na tunaishukuru. Lakini padre mmoja mwanahistoria, Paul Kollman, aliposoma barua za wamisionari wenyewe alikuta pia maisha ya nidhamu kali na kazi nyingi, na waliokombolewa wakilalamika, wengine wakitoroka. Je, hilo linafuta utakatifu wa kazi ile? Mimi naona linaongeza kitu. Wale watoto wanaacha kuwa picha ukutani. Wanakuwa watu wenye akili na hiari, waliosema “ndiyo” na mara nyingine wakasema “hapana”. Hao ndio mababu zetu katika imani, na inafaa tuwasikie wakisema yote mawili.

Hapa wanahistoria wanatufundisha jambo la kimaadili: kumtafuta asiyeandika. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kusini kuwauliza wazee juu ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Nyaraka nyingi zilikuwa za Wajerumani, washindi. Wale vijana, wa umri wenu, walikaa mkekani na wazee na kuandika yale ambayo yangezikwa pamoja nao. Kumsikiliza mzee aliyeshindwa vita ni tendo la haki. Na Wakatoliki tunaikumbuka vita ile pia kwa damu ya Askofu Cassian Spiss na wenzake waliouawa mwaka 1905. Moyo wa Kikristo unapaswa kuwa na nafasi ya kulia kwa ajili yake na kwa ajili ya maelfu ya wanakijiji waliokufa kwa njaa baada ya mashamba yao kuchomwa. Anayelia upande mmoja tu bado hajajifunza kulia.

Linabaki swali zito: haya yananihusu nini mimi niliyezaliwa juzi? Sikumuuza mtu. Kweli kabisa, na Kanisa halifundishi kwamba hatia ya mtu inarithiwa kama shamba. Hatia ni ya aliyetenda. Lakini fikiria mtoto aliyerithi nyumba ya baba yake na kumbe kuna deni. Yeye hakukopa. Hata hivyo hawezi kusema “nyumba ni yangu, deni si langu”. Sisi tumerithi nyumba: Ubatizo, Ekaristi, watakatifu, shule, hospitali. Tukiipokea nyumba kwa furaha, basi tunapokea na deni la kukumbuka na kutengeneza. Ndiyo maana Papa Yohane Paulo II alisimama kwenye kisiwa cha Gorée nchini Senegal mwaka 1992 akaomba msamaha kwa ajili ya biashara ile, ingawa yeye hakuuza mtu. Na mwezi Machi 2023 Vatikani ilikataa rasmi ile “fundisho la ugunduzi” lililojengwa juu ya hati za karne ya 15.

Wengine wanaogopa kwamba mazungumzo kama haya yatawakwaza wadogo. Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu kuna wanaoeleza dhambi za Kanisa kwa ladha, kama umbea. Lakini angalieni Injili zenyewe. Zote nne zinasimulia Petro akimkana Bwana, wakati Petro alikuwa mkuu wa mitume na ingekuwa rahisi kuificha aibu ile. Luka anaanza kwa kusema kwamba alichunguza mambo yote kwa makini kutoka kwa mashahidi, karibu kama mwanahistoria. Mathayo anataja ukoo wa Yesu bila kuwaruka wenye kashfa. Papa Fransisko aliukumbusha ukoo huo katika barua yake ya Novemba 2024 kuhusu kujifunza historia ya Kanisa, barua iliyotugusa hasa sisi tulio seminarini. Na Papa Leo XIII alipowafungulia watafiti hifadhi ya nyaraka za Vatikani mwaka 1881, alijua watakuja na wasio marafiki. Akafungua tu. Anayeamini kwamba Kristo ndiye Kweli haogopi kabati lifunguliwe.

Kinachowakwaza vijana kwa kweli ni kugundua kwamba walifichwa. Anayeambiwa dhambi na neema vyote viwili na mtu anayempenda, huyo anakomaa.

Basi wiki hii jaribu hivi. Chagua jambo moja la historia ambalo umekuwa ukilikwepa. Tafuta mtaalamu anayeliongelea kwa utulivu, umsikilize hadi mwisho bila kuandaa jibu. Jiulize maswali matatu: amejuaje? Nani hajapewa nafasi ya kusema? Na mimi nadaiwa nini? Halafu peleka majibu mbele ya Ekaristi, na ukiweza yazungumzeni kwenye jumuiya au kikundi cha vijana, maana mambo haya ni mazito kuyabeba peke yako.

Tuombe: Ee Bwana wa nyakati zote, unayeijua historia yetu kabla hatujaiandika, utupe masikio yasiyoogopa na moyo usiokuwa na majivuno. Uwapumzishe waliouzwa, uwasamehe waliouza, na utufanye sisi warithi waaminifu. Amina.