Je, Michezo ya Upelelezi ya Televisheni Yawafaa Vijana Wetu?



Wazazi wa mtaa wetu hutuuliza mara kwa mara, kwa kuwa tulikuwa walimu, kama ni vyema kuwaachia watoto kutazama michezo ya upelelezi inayoonyeshwa katika televisheni. Twazungumzia ile ambayo mtu ameuawa, kisha mabingwa wa maabara wanampasua marehemu, wanatafuta alama za vidole, wanapima damu na unywele, mpaka muuaji anajulikana. Swali hili halijibiki kwa kusema "ndiyo" au "hapana" tu. Yatupasa tulipime kwa pande zote mbili.

Kwanza tutazame hali yetu. Hapa Zanzibar televisheni ilianza mapema katika miaka ya 1970, nayo ilikuwa ya rangi, ilhali wenzetu wa Bara walingoja mpaka mwaka 1994. Lakini kwetu Pemba seti zilikuwa chache, na umeme wa majenereta haukuwa wa kutegemewa. Mwenye seti alikuwa na wageni kila jioni: wazee kwenye viti, watoto kwenye mkeka. Likitokea jambo lisilofaa, mzee mmoja alikohoa, au mama alimtuma mtoto maji jikoni. Mwaka 2010 waya wa umeme ulipitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, na baadaye zikaja simu za mkononi. Leo sinema za nchi za mbali, zilizokwisha kutiwa maneno ya Kiswahili, huhamishwa kutoka simu moja hadi nyingine, na mtoto aweza kuzitazama peke yake chini ya chandarua. Hakuna wa kukohoa.

Wako wasemao ya kuwa michezo hii ni mambo ya kigeni, na kwa sababu hiyo tu haifai. Sisi hatukubali hoja hiyo. Hadithi ya upelelezi ina kwao hapa Zanzibar. Marehemu Muhammed Said Abdulla alitupatia Bwana Msa katika kitabu Mzimu wa Watu wa Kale, kilichopigwa chapa mwaka 1960, na wengi wetu tulikisoma tukiwa skuli. Bwana Msa hana maabara. Ana kiko chake, macho yake na akili yake. Watu wanapoogopa mizimu, yeye hutafuta mkono wa binadamu. Na zamani zaidi kuna habari ya Susana katika vitabu vya Apokrifa. Wazee wawili wanamsingizia mwanamke mwema, na kijana Danieli anawatenga, anamwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani waliyaona hayo, na uongo wao unafichuka. Upelelezi wa haki, basi, si jambo la aibu. Ni njia ya kumwokoa asiye na hatia.

Tena twahitaji sana somo hilo. Wasomaji wa umri wetu hawajasahau mwaka 1995, hofu ya popobawa ilipoanza hapa Pemba na kuvuka hadi Unguja. Watu walilala nje, makundi makundi, wakikesha. Mjini Unguja kundi la watu lilimkamata kijana mmoja mgonjwa wa akili, likadai ya kuwa ndiye popobawa, likamwua. Hakuna aliyeuliza ushahidi uko wapi. Na hata leo, katika nchi zetu za Afrika Mashariki, bado twasikia habari za bibi kizee aliyeuawa kwa tuhuma ya uchawi, au kijana aliyechomwa moto sokoni kwa sababu mtu mmoja alipiga kelele za mwizi. Kijana aliyezoea kuuliza, "Tunajuaje?" hataokota jiwe upesi. Ikiwa michezo ya televisheni yaweza kumfundisha neno hilo moja, imefanya kazi njema.

Hebu tutoe mfano wa kweli. Katika eneo la Leicestershire, nchini Uingereza, wasichana wawili wa miaka 15 waliuawa, mmoja mwaka 1983 na mwingine mwaka 1986. Kijana wa miaka 17 alikamatwa, na katika kuhojiwa akakiri mauaji ya yule wa pili. Polisi wakamwendea mtaalamu Alec Jeffreys, ambaye mwaka 1984 alikuwa amegundua njia ya kumtambua mtu kwa vinasaba vyake. Vipimo vilionyesha ya kuwa muuaji wa wasichana wote wawili ni mtu mmoja, na kwamba mtu huyo siye kijana aliyekiri. Kijana akaachiliwa. Hivyo elimu hii, katika kesi ya mwanzo ya mauaji iliyotumiwa, ilimfungulia asiye na hatia kabla ya kumfunga mwenye hatia. Laiti vijana wetu wangelijua jambo hilo kabla ya mengine yote!

Lakini habari hiyo ina sehemu ya pili, nayo ndiyo inayoachwa na michezo mingi ya televisheni. Polisi waliwaomba wanaume wa vijiji vile watoe damu, na maelfu walitoa. Muuaji hakuonekana, kwani alikuwa amemshawishi mfanyakazi mwenzake aende kutoa damu kwa jina lake. Alijulikanaje? Yule mwenzake alilisema jambo hilo mbele ya watu kilabuni, na mmoja wa waliosikia alikwenda polisi kueleza. Muuaji alikamatwa mwaka 1987, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1988. Mashine peke yake ilikuwa imedanganywa. Kilichohitajika ni mtu mwenye dhamiri asiyekubali kunyamaza.

Hapa twaiona hatari ya kwanza ya michezo hii: yafundisha ya kuwa ukweli hutoka katika mashine, upesi, wala haukosei. Mchezo wa Marekani uitwao CSI, uliokuwa ukionyeshwa tangu mwaka 2000 mpaka mwaka 2015, ulimaliza kesi ndani ya saa moja, matangazo ya biashara yakiwamo. Katika maisha, vipimo huchukua siku na majuma, na wataalamu ni binadamu. Mwaka 2004, baada ya treni kulipuliwa kwa mabomu mjini Madrid, wapelelezi wa FBI walisema alama ya kidole iliyokutwa kwenye mfuko ilikuwa ya wakili mmoja wa jimbo la Oregon. Alikaa kizuizini kama majuma mawili, mpaka polisi wa Hispania walipoonyesha ya kuwa alama ile ni ya mtu mwingine. FBI ilimwomba radhi. Kijana asiyejua habari kama hizi atabadilisha mchawi kwa mashine, na kuamini kwake kutakuwa kule kule.

Hatari ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, ingawa husemwa mara chache. Watu wengi hulalamika juu ya damu. Sisi twaona ya kuwa damu si neno kubwa. Mtoto wa Pemba ameona ng'ombe akichinjwa. Neno kubwa ni hali ya marehemu. Katika visiwa vyetu maiti husitiriwa. Waislamu na Wakristo twatofautiana katika sala, lakini katika hili tu wamoja: anayeosha huosha chini ya shuka, huona peke yake, na alichokiona hakisimulii barazani. Sitara hiyo ndiyo heshima ya mwisho tunayoweza kumpa mtu asiyeweza tena kujisitiri mwenyewe. Sasa katika michezo hii maiti hulazwa uchi juu ya meza ya chuma chini ya taa kali, na wapelelezi husimama wakinywa kahawa na kufanya mzaha. Hakuna aliaye. Marehemu hana mama wala jina la kukumbukwa. Amekuwa fumbo la kufumbuliwa.

Linganisheni na yale tuliyoyaona sisi wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander, ikitoka Unguja kuja Pemba, ilizama karibu na Nungwi. Watu zaidi ya 600 waliokolewa; maiti karibu 200 zilipatikana; wengine wengi hawakuonekana tena. Zile maiti zilipelekwa uwanja wa Maisara, na jamaa wakapita wakitafuta watu wao. Zisizotambuliwa zilizikwa Kama. Pale Maisara pia palikuwa na uchunguzi, kwani kila shuka ilifunuliwa ili mtu atambuliwe. Lakini ilifunuliwa kidogo, kwa mkono uliotetemeka, kisha ikarudishwa. Aliyepita hakutaka kujua, "Amekufaje?" Alitaka kujua, "Huyu ni nani, naye ni wa nani?" Hilo ndilo swali la kwanza la kibinadamu mbele ya maiti, na michezo ya televisheni hulipita mbio.

Tumewaona watoto wa madarasa ya chini wakicheza uwanjani. Mmoja amelala chini, wengine wanamchorea mstari mchangani kumzunguka, wanampima kwa kijiti na kubishana amekufa saa ngapi. Michezo ya watoto si dhambi. Hata hivyo tuligundua ya kuwa katika mchezo ule hakuna aliyepewa kazi ya kumlilia, wala ya kumfunika. Na siku hizi, ajali inapotokea njiani, wapo vijana wanaotoa simu kupiga picha za majeruhi na maiti kabla ya kutafuta kanga ya kuwafunika. Hatusemi ya kuwa televisheni ndiyo iliyoleta tabia hiyo. Sababu zake ni nyingi. Twasema tu ya kuwa jicho lililozoezwa kutazama maiti bila huzuni halitastuka upesi.

Wengine watasema, "Lakini twataka madaktari na polisi wapelelezi. Nani atafanya kazi hizo ikiwa vijana wanafichwa?" Hoja hii ina nguvu. Kazi hizo ni za lazima, na anayezifanya kwa uaminifu huwatumikia marehemu na jamaa zao. Kumtafuta aliyemwua mtu ni namna mojawapo ya kumheshimu. Lakini daktari mwema hufundishwa heshima pamoja na kisu. Hufunua panapohitajika, hufunga alichokipasua, na hufunika anapomaliza. Shauri letu ni kuhusu utaratibu wa malezi: mtoto ajifunze kwanza kuomboleza, ndipo ajifunze kuchunguza. Akianza na la pili, la kwanza litampata kwa shida.

Kwa hiyo jibu letu kwa wazazi ni hili. Kwa watoto wa skuli ya msingi michezo hii haifai. Wao bado hawajazika mtu, na wasikutane na kifo kwanza kama burudani. Kwa vijana wa sekondari hatuoni vyema kuipiga marufuku. Kinachokatazwa sebuleni kitatazamwa chini ya chandarua. Afadhali watazame pamoja na mkubwa, naye mkubwa asilale usingizi kwenye kiti. Mchezo ukiisha, na awaulize maswali matatu. Je, marehemu alikuwa nani, na nani anamlilia? Je, ushahidi ule ungeweza kukosea? Je, kama ungekuwa wewe unayeshukiwa, ungependa wachunguzi wafanye nini? Kijana anayejibu maswali hayo amepata somo ambalo hata sisi walimu tulitumia muhula mzima kulifundisha.

Zaidi ya hayo, tuwachukue vijana wetu mazikoni. Siku hizi wengi huachwa nyumbani, ati wana mitihani. Waende, washike jembe, wabebe maji, waketi na wafiwa, wasikie jina la marehemu likitajwa na mema yake yakisimuliwa. Aliyekwisha kufanya hivyo, hata akiona maiti katika televisheni, atajua ya kuwa kuna jambo lililoachwa katika hadithi ile. Twaomba vikundi vya akina mama na vya vijana vilizungumze neno hili, na wenye mawazo tofauti na yetu wayaandike katika gazeti hili ili sote tujifunze.